Spika za Mama Povu

Alipofungiwa ndani ya kichumba cha kupimia masikio, Mama Povu alikaa na kitufe mkononi, kidole kikiwa tayari, akisubiri. Alikuwa ameambiwa kipimo kina sehemu mbili, na abonyeze kila atakaposikia mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu. Mwanzoni alibonyeza mara kadhaa, milio mizito ilipomjia kama mtu anayegonga sufuria chumba cha pili. Kisha kukawa kimya. Akautazama ukuta wa sponji yenye vishimo vishimo, akajikuna goti, akaanza kujiuliza kama umeme umekatika. Hatimaye mlango ukafunguliwa, na mpimaji, mwanamke kijana mwenye miwani, akamvua vile vipokea sauti vya kichwani.

"Tumemaliza, mama."

"Tumemaliza nini? Mbona sehemu ya pili hujaiwasha?"

Mpimaji hakucheka. Alivuta kiti akaketi mbele yake, akasema kwa kukata maneno moja moja, kama watu wanavyosema na mgeni wa lugha: "Sehemu ya pili imekwisha, mama. Dakika sita nzima. Hukubonyeza hata mara moja."

Ilikuwa wiki yake ya mwisho kazini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile ile, katika chumba cha chini chenye mashine nne zinazonguruma tangu asubuhi hadi jioni, na jina la Mama Povu alilipata humo humo. Kila anayestaafu hupimwa mwili mzima ili makaratasi yatimie. Moyo wake ulikuwa mzima, mapafu mazima, magoti ya umri wake. Masikio ndiyo yaliyochorwa kwenye karatasi kwa mstari unaoteremka kuelekea kona ya chini.

"Sauti za juu zimekwenda," mpimaji akamwonyesha kwa kalamu. "Za kati zimeanza kufuata. Za chini bado unazo."

"Nitakaa nazo mpaka lini?"

"Miaka miwili. Labda minne. Sitaki kukudanganya."

Akamwambia habari za mashine za kuvaa sikioni, na bei yake. Mama Povu akacheka kidogo, maana kiinua mgongo chake chote kisingetosha kununua ya sikio moja. Palikuwa pia na orodha ya wanaosaidiwa. Mbele yake walikuwa watu zaidi ya mia mbili. Aliandikisha jina, akakunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye mkoba chini ya leso, akarudi kukunja mashuka.

Hakumwambia mtu.

Wa kumwambia alikuwa mumewe, na mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao. Jua likichomoza yeye ndiyo anaingia. Akilala, huamka alasiri. Likizama huyo anatoka. Kwa miaka kumi na miwili mume na mke walikuwa wamepokezana kitanda kama watu wa zamu. Nyumba ilikuwa vyumba viwili, na ukuta wa katikati haukuzuia hata kikohozi, kwa hiyo siku zake za mapumziko Mama Povu alijifunza kuishi bila mlio. Alivaa ndara laini. Alifunika masufuria kwa kitambaa kabla ya kifuniko. Redio aliiweka begani, sikio limebanwa kwenye kispika chake, sauti chini kabisa. Na masikio yalipoanza kumtoka, yalimtoka katika nyumba ambayo hata hivyo haikuwa na sauti, kama mwizi anayeingia penye giza.

Kaka yake alipofariki alikuwa amemwachia amplifaya ndogo na mashine ya sidii. Spika, mjane wa kaka aliziuza kabla hata arobaini haijaisha. Kwa hiyo ile amplifaya ilikaa juu ya kabati miaka miwili, imefunikwa kitambaa cha mkono, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Siku ile aliporudi kutoka kupimwa, Mama Povu aliyaondoa maua. Akakaa akiitazama. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka akae kwenye kiti chake mwenyewe, mchana, mlango umefungwa, asikilize muziki uliofunguliwa sawasawa, wakati bado ana cha kusikilizia.

*

Jumamosi mlinzi alikuwa na mapumziko, na siku hiyo watu walikuja. Alikuja kifungua mimba wao, seremala, na akaja wifi yake Mama Povu, dada wa mlinzi, mwanamke mwenye neno kwa kila jambo. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshatoka. Mabati ya paa yalikwisha badilishwa, kitinda mimba aliye mbali kwa mumewe alikwisha tumiwa chake, na kilichobaki ndicho kilichowaleta.

"Mama, nimeona randa," seremala akaanza. "Ya umeme. Nikiipata hiyo, kazi ya siku tatu nafanya kwa moja."

"Kanda gani?" Mama Povu akauliza.

"Randa, mama."

"Ndiyo, kanda. Ya muziki au ya mahubiri?"

Wifi akapiga makofi akacheka mpaka akashika ubavu. "Jamani, kustaafu wiki tatu tu, akili imeshaota kutu!"

Mama Povu naye alicheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, na kwa kuwa mtu anayecheka haulizwi swali. Uso ukamwaka. Akangoja wanyamaze, akajua wamenyamaza kwa kuona midomo imetulia, ndipo akasema: "Hizo zilizobaki nanunua spika."

"Nini?"

"Spika. Mbili. Za kusimama sakafuni. Amplifaya ninayo."

Seremala akamtazama baba yake, kama mtu anayemtafuta mtafsiri. Wifi ndiye aliyepata maneno kwanza. "Wifi yangu, utu uzima dawa, si disko. Utacheza na nani? Watu watasema mke wa kaka yangu amepata wazimu wa pesa."

"Mama, hayo ni masanduku," seremala akasema. "Mbao na gundi. Hata mimi naweza kukupigilia."

"Utayapigilia na sauti ndani yake?"

"Usinikaripie, mama. Nasema taratibu tu."

Hakuwa anamkaripia. Lakini hakujua kwamba sauti yake ilikuwa imepanda, wala hakuwa na namna ya kujua. Akamgeukia mumewe. Mlinzi alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kofia yake ya kazi magotini ingawa haikuwa siku ya kazi, anaikunja na kuikunjua.

"Baba watoto, huna neno?"

"Pesa ni zako," akasema mlinzi polepole. Akafikiri. "Lakini mimi nitalala wapi?"

Hilo ndilo lililomuuma. Dhihaka ya wifi angeweza kuimeza na maji. Swali la mumewe lilikuwa la haki, halina matusi ndani yake, na halikuwa na mahali pa yeye kukaa. Nyumba nzima ilikuwa ya usingizi wa mtu mmoja. Akainuka kwenda kutazama chai, ambayo haikuhitaji kutazamwa.

*

Fundi aliyemwendea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kibanda cha futi sita kwa sita nyuma ya duka la viatu. Watu walimwita Fundi Waya. Alizungumza huku ncha ya chuma cha kulehemu ikitoa moshi karibu na nyusi zake, na hakuwa na subira na mtu yeyote, jambo lililomfaa Mama Povu, kwa sababu Fundi Waya alimfokea kila mteja, na anayefokewa humsikia.

Aliifungua ile amplifaya, akapuliza vumbi, akaguna. "Wati kumi na tano. Lakini za kweli, mama. Si za kuandikwa kwenye boksi. Nani alikupa?"

"Kaka yangu."

"Alijua kununua. Sasa sikiliza. Spika ziko za aina mbili: kuna mlafi, na kuna ya kushiba upesi. Mlafi utamlisha wati zako zote na bado analia njaa. Ya kushiba, ukiipa wati mbili inakuimbia nyumba nzima. Dukani watakuuzia mlafi, maana ndiye mwenye umbo zuri."

"Nitamjuaje?"

Fundi Waya akararua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito. "Nyuma ya spika kuna kibati. Tafuta neno desibeli. Chini ya themanini na saba, ondoka. Tisini kwenda juu, vuta kiti. Na hapa tafuta omu nane. Ikiwa nne, hiyo amplifaya itachemka kama birika. Chumba chako kikubwa kiasi gani?"

"Nikinyoosha mikono miwili, nikapiga hatua nne, nimekimaliza."

"Basi usichukue minara. Chukua nyembamba, fupi, ya kufika hapa." Akajigusa kiunoni. "Za rafuni zingekuwa rahisi, lakini zinataka vikalio, na sauti za chini zinakauka. Wewe unataka chini?"

Mama Povu akasita. "Chini ndiko ninakotaka."

"Haya. Na lile tundu la kupumulia liwe mbele. Chumba kidogo utazisogeza ukutani. Tundu likiwa nyuma zitavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa." Akamkabidhi kile kipande. "Na usikubali kusikilizishwa kwa mashine yao. Nenda na yako. Mtu hapimiwi kiatu kwa mguu wa mwenzake."

*

Akaenda nayo. Aliifunga kwenye shuka kuukuu la hospitali, akaitia kwenye mfuko wa nguo, akaibeba mkononi, kilo sita, mpaka duka kubwa lenye vioo. Ndani palikuwa baridi. Vijana wanne wa mauzo walisimama wakitazama simu, na alizunguka katikati ya spika dakika kumi bila kuulizwa haja yake. Akainama kusoma vibati nyuma yake kimoja baada ya kingine, kipande cha boksi mkononi.

"Bibi," mmoja akasema hatimaye, "umepotelewa na kitu?"

"Natafuta spika."

Kijana akatazama mfuko wa nguo. Akasema kitu akiwa amegeuka upande. Mama Povu aliona wenzake wakitabasamu.

"Umesema?"

"Nasema, mwanao yuko wapi? Anayenunua."

"Anayenunua ni mimi."

"Ooh. Basi mama usipige kelele, kuna wateja."

Alishusha sauti mpaka akadhani ananong'ona, asijue kama amefika. Wakamwonyesha jozi moja iliyosimama kama wanaume wawili wenye suti, nyeusi, inayong'aa, taa za buluu zikizunguka miguuni. Kibati kilisema themanini na nne, omu nne. Bei yake, kwa kuwa ilikuwa wiki ya punguzo, ilifika pale pale kwenye pesa yake, na kwa nukta moja moyo ulimcheza: angeingia nazo nyumbani na wifi mwenyewe angenyamaza.

"Niunganishie na hii," akasema, akafungua lile shuka.

Walicheka waziwazi. Muhuri wa hospitali ulikuwa bado kwenye pindo la shuka. Lakini mkubwa wao, labda kwa kutaka kumaliza maneno, akaunganisha waya. Muziki ukatoka kama mgonjwa anayeomba maji. Kijana akazungusha kitufe robo, akazungusha nusu, akakifikisha mwisho. Sauti ikapasuka, ikaanza kukwaruza.

"Unaona, mama? Mashine yako ndiyo mbovu. Unahitaji na hii hapa, kubwa. Tunakupa kwa mafungu."

"Mashine yangu haina ubaya," akasema Mama Povu. "Hizi zenu ndizo zenye njaa."

Akaifunga amplifaya yake. Akakaza fundo, akatoka nje. Barabarani, magari yalipita karibu naye bila mlio wowote isipokuwa kishindo cha chini, akasimama muda mrefu kabla ya kuvuka, akitazama kulia, kushoto, kulia tena, kama mtoto wa darasa la kwanza.

*

Jozi yenyewe ilipatikana kwa Fundi Waya kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Karani mstaafu wa mahakama alikuwa anahamia kwa binti yake, kwenye chumba kimoja, na kwa binti hapakuwa na nafasi ya vitu vyake. Walikwenda wote wawili, wamebeba amplifaya na mashine ya sidii, Fundi Waya akilalamika njia nzima kwamba amefunga kibanda kwa ajili ya watu wasiojua kusoma kibati.

Nyumba ya karani ilikuwa imeshafungwa kwenye maboksi. Kilichobaki ukumbini ni kiti kimoja, na spika mbili za mbao ya rangi ya chai ya rangi, nyembamba, za kufika kiunoni. Pembe moja ilikuwa imechubuka. Fundi Waya akapiga magoti nyuma yake.

"Tisini na mbili," akasoma. "Omu nane. Tundu mbele." Hakuinua uso, lakini mabega yake yalishuka.

"Mke wangu alizichubua na ufagio," karani akasema. "Nilimgombeza siku nzima. Siku hizi nikiona pale..." Akamwonyesha Mama Povu kile kiti. "Keti, dada. Kiti ni kimoja tu, na hapo ndipo zinapokutana."

Fundi Waya akaunganisha amplifaya, akaweka sidii, akagusa kitufe kidogo tu, si robo.

Besi ilikuja kwanza, ikapita sakafuni, ikapanda kwa miguu ya kiti mpaka kifuani. Kisha ngoma. Kisha sauti ya mwanamume anayeimba, nene, karibu, katikati ya spika mbili ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta mtupu wenye alama za picha zilizoondolewa. Mama Povu hakuwa amemsikia mtu vizuri hivyo kwa muda mrefu. Hakulazimika kukunja uso, wala kutazama mdomo. Alikuja mwenyewe mpaka alipo. Akaweka mkono mdomoni, akaacha machozi yajiendee.

"Na vile vyuma vya juu?" Fundi Waya akauliza, ameinama karibu yake. "Yale matoazi? Unayasikia? Mepesi, hayakwaruzi."

"Nayasikia. Mazuri."

Karani alitaja bei, akaipunguza mwenyewe kabla hajaombwa. Alisema angependa ziende kwa mtu aliyelia. Mama Povu akalipa, na karani akazifuta spika zake kwa mkono wa shati, polepole, moja baada ya nyingine, kisha akafunga mlango wa nyumba tupu.

Nje, wakisubiri mwenye mkokoteni, Fundi Waya alimkabili uso kwa uso. Kwa mara ya kwanza hakufoka.

"Mama. Ule wimbo hauna matoazi."

Mama Povu akatazama chini.

"Nilijua tangu kibandani. Unatazama midomo." Akangoja. "Sasa tulikuwa tunachagua nini siku zote hizi?"

"Tulikuwa tunachagua kilichobaki," akasema Mama Povu. "Kama ningenunua zile za dukani, hata hicho nisingekipata."

Fundi Waya akafikicha jicho kwa kiwiko, akasema ni moshi wa risasi ya kulehemu, ingawa siku hiyo hakuwa amelehemu kitu.

*

Mkokoteni ulifika nyumbani saa nane mchana. Mlinzi aliamshwa na mabishano ya mlangoni, akatoka na shuka kiunoni, akakuta mkewe na mwenye mkokoteni wanasogeza meza. Akasaidia kubeba, kama mtu anavyobeba jeneza la jirani, kisha akaketi pembeni akiyatazama yale masanduku yaliyomzibia njia ya kwenda chooni.

Habari zilikuwa zimetangulia. Hata waya hazijaunganishwa, seremala aliingia na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Ni kweli? Umenunua vitu vya mtu? Vilivyotumika?"

"Karibu, mwanangu, keti."

"Sikai! Nimewaambia watu nachukua randa. Nimewaambia mama yangu amekubali."

"Sikukubali."

"Nilikuuliza siku ile unatoka jikoni, ukatikisa kichwa ukasema sawa!"

Mama Povu akamtazama. Siku ile aliona tu midomo ya mwanawe ikimtabasamia, naye akaitikia tabasamu. "Sikujua unasema nini," akasema.

"Hukujua! Kila kitu siku hizi hujui. Unaulizwa hiki unajibu kile, unacheka pasipo kichekesho. Na usinipigie kelele!"

"Sijui kama napiga kelele!" Safari hii alipiga kelele kweli, mpaka jirani akafungua dirisha. "Sijui! Sijisikii! Ningejisikia ningenyamaza!"

Akaenda kwenye mkoba, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaibwaga mezani. Seremala akaikunjua. Hakuelewa mistari, lakini chini palikuwa na maneno mawili matatu yaliyopigwa muhuri, na hayo aliyaelewa. Akayasoma. Akayasoma tena. Kisha, kwa kukosa pa kuyapeleka macho yake, akainama kwenye spika iliyokuwa karibu, akapitisha kidole gumba kwenye maungio ya pembe.

"Hii mbao imeunganishwa vizuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Umesema?"

Akainua uso ili amwone. "Nimesema imeunganishwa vizuri, mama. Mimi nisingeweza." Akainuka. "Nitarudi." Akatoka kabla hajakaribishwa chai. Wala hakurudi siku hiyo.

Wakabaki wawili. Mlinzi alikuwa ameichukua karatasi, ameishika mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa chumbani.

"Tangu lini?" akauliza.

Mama Povu alikuwa akihangaika na waya, mgongo umemwelekea. Mlinzi alingoja jibu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi: akainuka, akamzunguka, akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Tangu lini, mama watoto?"

"Sijui. Miaka miwili, mitatu. Masikio yanaondoka taratibu. Huyaoni yakitoka."

Mlinzi akatikisa kichwa kwa muda. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yaliyokuja yalimtoka kwa shida, kama msumari unaong'olewa kwenye mbao ngumu.

"Mimi nilidhani umenichoka."

"Nimekuchoka? Kwa nini?"

"Nikitoka jioni nakuaga pale mlangoni. Wewe uko jikoni, mgongo huku. Nasema naenda. Huitikii. Siku ya kwanza nikasema labda ana mawazo. Ya pili, ya tatu. Mwezi mzima. Nikasema basi, mtu mzima hajilazimishi. Nikaacha kuaga." Akaitazama ile karatasi. "Nikawa natoka tu, kama mpangaji."

Mama Povu alishika waya mkononi, mwekundu upande huu, mweusi upande ule. Alikumbuka zile jioni. Alikuwa akigeuka kutoka jikoni na kukuta kofia haipo kwenye msumari, mlango umerudishiwa, na alikuwa akijiambia kwamba mwanamume akizeeka huacha hata kuaga. Hakumwuliza. Alioga, alilala upande wake wa kitanda, kimya juu ya kimya. Miaka miwili kila mmoja alikuwa amemlilia mwenzake aliye chumba cha pili.

Alisema, "Nishikie hapa," na mlinzi akamshikia waya.

Walipoziwasha, jua lilikuwa limeshuka kwenye dirisha la nyuma. Alifungua kitufe kidogo tu. Besi ikatembea sakafuni, vikombe kabatini vikagusana. Akamketisha mumewe kwenye kiti cha katikati, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na walisikiliza wimbo mzima bila kutazamana. Katika wimbo wa pili mlinzi aliinua kidole.

"Hapo kuna filimbi."

"Wapi?"

"Juu huko. Huisikii?"

"Hapana. Inafanyaje?"

Mlinzi akakunja uso. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama hilo. "Inapanda," akasema. "Inazunguka. Kama... kama mtoto aliyeachiwa shuleni, anakimbia anarudi, anakimbia anarudi. Sasa imesimama. Haya, inashuka."

"Imeshuka?"

"Inashuka bado. Polepole."

Mama Povu alifumba macho. Filimbi hakuisikia. Alisikia besi, na sauti ya mumewe ikijaribu. Baada ya hapo mlinzi akachoka kueleza, akanyamaza, na Mama Povu hakujua kama filimbi imekwisha au maneno ndiyo yamekwisha, naye hakuuliza.

Muda wa kazi ulipofika mlinzi alivaa koti, akachukua kofia, akaenda mpaka mlangoni. Pale akasimama. Akarudi mpaka katikati ya chumba, kati ya spika mbili, akamzibia mkewe sauti kwa miguu yake, akangoja mpaka ainue macho.

"Naenda," akasema.

"Nenda salama, baba watoto. Jihadhari na baridi."

Mlinzi akabaki amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyepewa kitu kizito na hajui akiweke wapi. Kisha akageuka akatoka, na mkewe akaona mlango ukijifunga, pole pole, bila mlio.

Akahamia kwenye kiti cha katikati. Kilikuwa bado na joto. Sidii ilikuwa na nyimbo sita zaidi, naye akazisikiliza zote.